Merikani ilitoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu jinsi Marekani ilivyotoka kwenye majimbo 13 ya pwani ya Atlantiki mwaka 1783 ikaenea Pasifiki hadi California mwaka 1848, miaka 65 tu. Sehemu ya Mfereji wa Erie niliwasomea wajukuu kwa sauti: kilomita 584 zilizochimbwa kwa sururu na koleo kuanzia 1817 hadi 1825, na nauli ya tani moja ya mzigo kutoka Buffalo hadi New York ikaporomoka kutoka kama dola 100 hadi kama dola 10. Hapo sina ugomvi na mwandishi. Ugomvi wangu ni pale anapodai kwamba taifa lile lilipanuka kwenye ardhi iliyokuwa wazi, likatajirika kwa bidii ya watu wake, na kwamba nchi changa kama yetu ziige.

Mimi nauza vitambaa hapa Tanga. Wazee bado wanakuja dukani kuulizia merikani, kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, chenye rangi ya maziwa yaliyokaribia kuungua. Mafundi makochi wanakitumia kwa ndani. Jina linajieleza. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Salem, jimbo la Massachusetts, zilikileta Unguja kwa majora. Seyyid Said, sultani wa Unguja na Oman, alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wao, yaani mwakilishi wa serikali yao, Richard Waters, alikuwa ameshafika Unguja. Meli zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Huko bara merikani ilikuwa fedha: ndiyo iliyolipia hongo, yaani ushuru wa njia kwa machifu, na chakula cha msafara, ikapimwa kwa mkono, mikono minne shuka, mikono minane doti. Mwanamke anayenunua kanga leo bado anaomba doti.

Sasa tukifuate kitambaa hicho kinyumenyume hadi kwao. Kilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, na mji wa viwanda uliovuma kuliko yote ni Lowell. Waliosimama kwenye mitambo wengi wao walikuwa wasichana waliotoka mashambani, wakilala kwenye mabweni ya kampuni na kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Mwaka 1834 ujira ulipokatwa waligoma, na mwaka 1836 wakagoma tena bweni lilipopandishwa bei. Makala imewapa nusu sentensi.

Pamba yenyewe haikuota Massachusetts. Ilitoka kusini, Mississippi, Alabama na kwingineko. Mashine ya Eli Whitney ya mwaka 1793 ilitoa mbegu haraka, lakini kuchuma kulibaki kazi ya vidole, na aliyewahi kuchuma pamba kule Shinyanga anajua yale maganda makavu yanavyochoma kucha. Waliochuma walikuwa watumwa. Mwaka 1790 walikuwa kama 700,000 nchi nzima. Mwaka 1860 wakakaribia milioni 4. Katika kipindi hicho kama milioni moja waliuzwa au kuhamishwa kutoka majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland kupelekwa kwenye mashamba mapya, mama huku, mtoto kule.

Na mashamba hayo hayakuwa wazi. Yalikuwa ya Wachoctaw, Wacreek, Wachickasaw na Wacherokee, wenyeji wa asili wa nchi ile, watu wenye vijiji na mahindi yao. Sheria ya kuwaondoa ilipitishwa mwaka 1830, Andrew Jackson akiwa rais. Wacherokee walikwenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua mwaka 1832 kwamba jimbo la Georgia halina mamlaka juu ya nchi yao. Haikusaidia kitu. Mwaka 1838 askari waliwatoa majumbani, watu kama 16,000 wakaswagwa kuelekea magharibi, na kama 4,000 wakafa. Huo ndio uwazi wa ardhi anaousema mwandishi.

Kuhusu Louisiana, lile eneo kubwa la katikati ya bara lililokuwa la Ufaransa, makala inasema Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliamua kuuza. Sawa, aliuza mwaka 1803 kwa dola milioni 15, na eneo la Marekani likakaribia kuongezeka maradufu. Lakini jeshi lake lilikuwa limeteketea Haiti, koloni la Ufaransa, kwa vita na homa ya manjano, likipigana na watu waliokataa kurudishwa utumwani. Haiti ikatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Marekani, iliyofaidika na ushindi huo kuliko yeyote, haikuitambua hadi mwaka 1862!

Sisemi sisi tulikuwa watakatifu. Pembe zilizolipia merikani zilishuka pwani mabegani mwa mapagazi, wengine watumwa, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Pembe zile ziliishia Connecticut zikachongwa vibao vya piano. Hesabu hii ina pande mbili, na zote mbili zimeachwa.

Mmeahidi sehemu ya pili. Namwomba mwandishi aturudishe kwenye miaka ile ya 1830 kabla hajatupeleka kwenye dhahabu ya California, na anapotutaka tuige, aseme tuige lipi: mfereji, au yote kwa pamoja.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikata pamba ya kusini, na wafanyabiashara wa Unguja wakajaza pengo kwa vitambaa vya Uingereza na Bombay. Jina halikubadilika. Jora nililofungua juzi lina muhuri wa kiwanda cha India. Bibi mmoja wa Chumbageni alilishika pembeni, akalisugua kwa kidole gumba, akaniambia, “Haya mwanangu, hii ndiyo merikani yenyewe. Nikatie mikono minane.”

Muuza vitambaa,
Tanga