Shemeji hajakuchoka, ana usingizi tu

Shoga yangu Mwajuma,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza ndani ya daladala, nikacheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Ila ulipofika pale pa "mwanaume hanitaki tena, saa tatu tu keshakoroma," kicheko kikaisha.

Hebu tulia. Si wewe uliyeniambia kwamba hata Jumapili shemeji anaamka saa kumi na moja bila alamu, anafagia ua, anakubandikia na chai? Mtu aliyekuchoka habandiki chai. Na wewe tangu bweni nakujua: taa zikizimwa ndipo maneno yanakujia, asubuhi ukisalimiwa unaitikia kwa kope.

Mwili una saa yake, shoga, na sehemu kubwa mtu anazaliwa nayo. Hata inzi wa matunda anayo. Wamarekani watatu waliochunguza inavyofanya kazi ndani ya inzi huyo walipewa Nobeli mwaka 2017. Umri nao unaisogeza: ujanani tunakesha, tukizeeka tunarudi kwenye alfajiri. Kwa hiyo usimsome shemeji kwa usingizi wake.

Sikudanganyi kwamba haina uzito. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walichapisha habari za jozi 150 za wanandoa. Wale ambao mmoja ni wa asubuhi na mwenzake wa usiku walisema wanagombana zaidi, mazungumzo ya maana wanayo machache, na mambo ya chumbani ndiyo kabisa. Ila humo humo kulikuwa na wenye saa tofauti na ndoa zao nzuri. Hao walijua kupindapinda, huyu anasogea, yule anasogea.

Mama mkwe wako kusema mlale pamoja hata kwa nguvu, hapo simuungi mkono. Utalala unahesabu matundu ya chandarua huku hasira zinapanda. Akienda kulala mfuate, kaa naye kitandani mpaka usingizi umchukue, halafu rudi kwenye tamthilia yako. Ya ada na ya kiwanja usimfungulie akishaanza kusinzia. Hapo hata angekuwa hakimu angekubali chochote ili alale. Muwekee baada ya magharibi, mkiwa mnakula. Na simu ipunguze mwanga, kwa sababu mwanga wa usiku unazidi kukuchelewesha wewe ambaye tayari umechelewa.

Usituonee wivu sisi, wote wa usiku. Tunapiga soga mpaka saa saba, raha tupu, kisha gari la shule linapiga honi nje na mtoto bado anatafutiwa soksi. Majirani wanatujua kwa honi hiyo.

Kanga zako nimezipata, ile ya bluu imekwisha nikachukua ya zambarau. Nitamkabidhi dada yako Ijumaa. Nijibu, na nisalimie shemeji, kabla ya saa tatu.

Wako,
Rehema