Sare yangu na mzee wa Leipzig

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wako wa michezo aliyeiita sare ya sataranji kazi ya waoga.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Mapema mwaka 1988 nilianza mchezo kwa posta na mzee mmoja wa Leipzig, Ujerumani Mashariki. Mimi Kijerumani sikijui, yeye Kiswahili hakijui, basi tukaandikiana kwa tarakimu zinazotumiwa na wachezaji wa posta duniani: 5254, yaani askari ametoka mraba wa e2 (52) kwenda e4 (54). Karani wa dirishani aliwahi kuniuliza kama ni namba za bahati nasibu.

Tulifungua kwa ufunguzi uitwao Farasi Wanne. Nilikuwa na kete nyeupe, na hatua ya nne nikasukuma askari d4, mtindo wa Kiskoti. Hata jina hilo lilitoka kwenye barua, klabu ya Edinburgh ilipocheza na ya London kwa posta kuanzia 1824 hadi 1828. Anayesema ufunguzi huo ni mkavu simbishii sana. Kete huliwa mapema, na mweusi akileta askofu b4, halafu askari d5, mizani hailali upande wowote. Lakini ajaribu yeye kulala akijua kosa la usiku huu atalijua baada ya wiki tano! Hatua ya 19 niliipanga ubaoni mara nne kabla ya kuituma, mke wangu akisema nimeoa Ujerumani.

Katikati ya mchezo stempu zikabadilika. Mwandiko ule ule, nyumba ile ile, nchi nyingine: mwaka 1990 DDR, yaani Ujerumani Mashariki, ilikuwa imekwisha. Kadi haikusema lolote juu ya hilo, ilileta tarakimu nne kama kawaida. Na hatukuwa peke yetu. Olimpiadi ya kumi ya sataranji ya posta, fainali yake ilianza 1987 ikaisha 1995, na bingwa akawa Umoja wa Kisovyeti, uliovunjika tangu 1991.

Agosti 1991, hatua ya 36, kila mmoja amebaki na ngome moja na askari watatu upande ule ule wa ubao. Chini ya tarakimu mzee aliongeza neno moja, la kwanza tangu tuanze: Remis? Nilikwenda kuuliza maana yake kwa padri mmoja, akaniambia ni sare, kisha nikamrudishia neno lile lile bila alama ya kuuliza.

Mwandishi wako akipita Tanga, kadi zote ninazo. Ubao pia ninao, na nyeupe nitampa yeye.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga