Picha za yoga tumeshiba, sasa tufundisheni kupumua

Mhariri, salaam kutoka Bombo. Mimi ni fundi cherehani, gazeti lenu nalisoma kila nikilipata kwa jirani mwenye duka, na ukurasa wa afya huwa nauanza kabla hata ya siasa. Leo nina neno na huo ukurasa. Kila mwaka ikikaribia Juni 21, ile siku ya yoga duniani (Umoja wa Mataifa waliipitisha 2014, ikaanza kuadhimishwa 2015), mnatuwekea dada mwembamba kajikunja kama kamba, mguu uko nyuma ya shingo, halafu chini yake faida: inaondoa stresi, inanyoosha mgongo. Basi. Hakuna anayetuambia pumzi iende wapi wala ufanyeje goti likigoma.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka jana nilienda darasa moja Kampala, la nani sitaji, nimetoka huku kilometa kama 35 na foleni ya Kawempe mnaijua wenyewe. Mwalimu kijana, spika kubwa, anahesabu kama yuko paredi, mbili tatu badilisha, mbili tatu badilisha, na mbele yangu watu wanne wameegemeza simu kwenye chupa za maji wanajirekodi. Na mimi kiuno changu chenye miaka 18 ya cherehani nikakilazimisha mpaka vidole viguse miguu, sababu ni moja tu, jirani yangu amegusa. Kiuno kikalia tik. Wiki nzima nilikuwa nakata vitambaa nimesimama, kukaa siwezi, nguo za harusi zikachelewa, na maneno niliyoambiwa na wateja banange tuyaache.

Aliyenirudisha ni mteja wangu, bibi mmoja wa Kihindi huwa namrekebishia blauzi za sari. Akaniuliza, binti mbona unatembea kama bata? Nikamweleza. Akacheka kwanza, halafu akaniambia Patanjali, yule mwalimu wa kale wa India, kwenye mafundisho yake ambayo ni mistari karibu 200, mkao wa mwili kauzungumzia kwa mistari mitatu tu, na anachotaka ni uwe imara na uwe wa raha. Mengine ni pumzi, akili, na namna unavyoishi na watu. Akaniambia niache mikao yote nihesabu pumzi tu, kwa pua, navuta kwa nne natoa kwa sita, siku kumi. Nikaona huyu bibi ananichezea, lakini siku ya nne niko kwenye mashine nashona kola ndo nikajishtukia: kumbe sindano ikifika kwenye kona mimi nabana pumzi! Kola moja tu, mabega yameshapanda mpaka masikioni. Miaka yote hiyo nalaumu kiti.

Sasa nafanya dakika 15 alfajiri nikishaswali, watoto bado wamelala. Mikao mitano, haizidi. Mkeka wetu wa ukindu usijaribu, unateleza kwenye saruji, mimi natandika blanketi kuukuu na nimefunga matofali mawili kwa lesu, nikiinama mikono inatua juu ya tofali, siihangaikii sakafu. Na sio uvivu, Iyengar, yule mwalimu mkubwa wa yoga wa India aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95 alifundisha watu kwa mbao, mikanda na viti. Kipimo changu ni pumzi, ikianza kukatika najua nimepitiliza, narudi nyuma kidogo. Mwisho nalala chali dakika tatu nne na hapo ndo kazi ilipo, akili inakimbilia deni la vitambaa, unairudisha, inatoroka tena kama mbuzi aliyeona mihogo ya jirani.

Mama mkwe siku ya kwanza alinikuta kwenye ule mkao wa mtoto, magoti chini, paji la uso chini. Akasubiri mpaka nikainuka, akasema taratibu, "Mwanangu, kibla ni huku." (Wanaosema yoga ni dini ya watu sigombani nao, mimi nahesabu pumzi na kunyoosha mgongo, swala yangu iko palepale.)

Kwa hiyo mhariri, Juni ijayo badala ya picha kumi wekeni mkao mmoja tu, muueleze mpaka uishe. Wapi unavuta pumzi, wapi unatoa, kiti cha plastiki kinasaidiaje, mwenye presha au mjamzito aepuke nini, na mwenye tatizo la diski mwambieni aanze kwa daktari. Na picha iwe ya mtu tunayemjua sura, wa bodaboda aliyeshinda kwenye pikipiki, mama wa soko la Owino, mzee mstaafu wa jeshi asiyefika magotini. Mkikosa mtu niiteni mimi, sitawadai hela, ila matofali yangu nakuja nayo.

Fundi cherehani,
Bombo