Mishumaa ya nta: tunakutana Jumamosi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumamosi tarehe 31 Januari, saa 3 asubuhi, tunakutana ukumbi wa parokia kutengeneza mishumaa kwa mikono. Itabarikiwa tarehe 2 Februari, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, kisha kila mmoja atabeba wake kwa sala za nyumbani.

Tutatumia nta ya nyuki tupu. Mbiu ya Pasaka yenyewe, ule wimbo wa Mkesha wa Pasaka, huitaja kazi ya nyuki inapousifu mshumaa wa Pasaka, na kwangu hilo linatosha kutotafuta njia ya mkato. Kuchovya utambi, kusubiri ukauke, kuchovya tena: kazi hii inataka utulivu, kwa hiyo tutaifanya huku tukisali Rozari.

Tafadhali mje na:
1. Nta robo kilo, iliyochujwa. Yenye mabaki ya masega huziba utambi.
2. Uzi wa pamba. Wa nailoni hapana, huyeyuka.
3. Aproni au nguo kuukuu.

Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, na ikizidi moto inaweza kuwaka. Tutaiweka kwenye chombo ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Nahitaji watu wazima wawili wa kusimamia jiko. Watoto watakata nyuzi za utambi.

Nijibuni hapa kabla ya Alhamisi jioni: unakuja, na watoto wangapi? Asiye na nta aseme mapema, tutagawana.