Pampu Iliyozama Usiiwashe

Kila masika mambo huwa yaleyale. Asubuhi ya kwanza baada ya Mto Nyando kuvunja kingo, wateja hufika kwenye karakana yetu hapa Ahero na pampu juu ya mkokoteni, matope hadi kwenye tangi la mafuta. Na karibu kila mmoja hutuambia: "Fundi, kwetu jana hakukudondoka hata tone."

Tunawaamini. Maji yanayozamisha pampu za hapa tambarare ya Kano mara nyingi si ya mvua ya Kano. Mchana jua likiwaka, upepo hutoka ziwani ukapanda kuelekea milima ya Nandi na Kericho, ukakutana huko na upepo wa mashariki. Ikifika alasiri ni ngurumo na mvua ya mawe. Maji hayo huteremka na Nyando kupitia Muhoroni hadi kwetu, na mara nyingi hutukuta tumelala. Udongo wetu mweusi nao ukishashiba haunywi tena; maji hutandaa tu juu.

Kwa hiyo, mkulima, ukisikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa redioni usiishie kwenye neno Kisumu. Ngoja zitajwe Nandi na Kericho. Wakisema huko kunatarajiwa zaidi ya milimita 20 kwa saa 24, piga hesabu: milimita 20 kwenye eka moja ni kama lita 80,000. Sasa fikiria maelfu ya eka za mteremko, zote zikimwaga kwenye mto mmoja. Jioni hiyohiyo itoe pampu ukingoni. Kuisogeza hatua kumi hakutoshi, kwa maana tambarare hii haina mwinuko wa kuiokoa. Ipeleke nyumbani, uiweke juu ya meza. Ya umeme izimwe kwenye swichi kuu ungali mkavu. Maji yakishaingia, achana nayo, hata kama uliinunua juzi.

Na ikizama, tafadhali usivute kamba ya kuwashia. Tunaelewa hamu ya kujua kama bado ni nzima, hasa ukiwa bado na deni lake. Lakini maji hayabanwi kama hewa. Yakijaa kwenye silinda, pistoni inayopanda hukosa pa kwenda, na kwenye injini ya dizeli inayowashwa kwa betri mkono wa pistoni unaweza kupinda palepale. Hata ikiwaka, bado kuna matope ndani ya oili. Mwaka 2024 tuliletewa pampu ya petroli iliyolala majini usiku mmoja tu. Mwenyewe alikuwa ameianika, akaiwasha, ikanguruma vizuri dakika chache, kisha ikanoki. Kama angeileta na matope yake, tungefungua plagi, tungemwaga oili na mafuta, tungesafisha kabureta, na angerudi nayo shambani. Ilibidi anunue nyingine. Hilo lilituuma, kwa sababu halikuwa lazima.

Mota ya umeme ni hatari zaidi. Ukiianika juani, ganda hukauka ilhali koili za ndani zingali na unyevu. Ukiichomeka, umeme unaweza kupita kwenye mwili wa mota na kumuua atakayeigusa. Sisi hufungua, tukakausha koili polepole, tukapima kama umeme unavuja, ndipo tukaiwasha. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na hatutaiharakisha hata ukituomba.

Kuanzia Machi hadi Mei tunafungua saa kumi na mbili asubuhi. Kuifungua pampu na kukueleza hali yake hatulipishi. Majirani wakiwa na zao zilizozama, pakieni kwenye gari moja mgawane nauli. Osha matope ya nje kwa maji safi kabla hayajakauka, ila oili usiimwage, iache humohumo. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, tutajua maji yamefika ndani.