KUH: TANGI LA CHOO MLILONIFUNGIA, LINALOMWAGIKIA KWA JIRANI

Kwa Meneja,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mteja wenu wa Michenzani, ghorofa ya nne. Baada ya Sikukuu ya Idi nilinunua dukani kwenu choo cha kukaa pamoja na tangi lake kwa shilingi 285,000, nikaongeza 40,000 ili fundi wenu aje kukifunga. Risiti zote mbili nimezibana nyuma ya barua hii.

Tangi halikumaliza wiki. Usiku wa sita, kabla ya adhana ya Alfajiri, niligongewa mlango. Alikuwa Bi mkubwa wa ghorofa ya tatu, kanga kichwani, msala wake mkononi unachuruzika. Maji yalikuwa yanashuka kwenye dari lake, pale linapopita bomba, yanaangukia pahala anaposalia. Majumba yetu haya ni ya tangu miaka ya 1970. Zege lake ni imara, lakini kila palipotobolewa kupitisha bomba maji hupaona upesi kuliko fundi.

Nakuomba ufahamu uzito wa jambo hili. Kwetu msala ni wa kusalia na msalani ni chooni, na siku ile vitu viwili hivyo vilikutana. Nilimweleza kwamba yale ni maji ya tangi, hayajafika kwenye bakuli la choo, ni yale yale anayotilia udhu yeye. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, yametoka chooni kwako." Msala ameufua mara tatu. Bado ananiamkia vizuri, lakini sahani ya futari iliyokuwa ikipanda na kushuka ngazi kila Jumatatu na Alkhamisi haipandi tena.

Fundi wenu nimemwita mara tatu, na kila safari nimemlipa 10,000. Mara ya kwanza hata mfuniko hakuufunua. Alivuta maji, akasikiliza, akasema boya ni jipya, limekaza, litalegea lenyewe. Mara ya pili aliufunua, akazungusha skrubu ya boya kwa bisibisi, maji yakatulia muda wa yeye kunywa chai. Baada ya Isha yakarudi. Mara ya tatu akaniambia presha ya maji ya jengo letu ni kubwa mno na duka halihusiki.

Hapo ndipo nilipokasirika. Nimesomesha fizikia skuli ya sekondari mpaka nikastaafu. Choo changu kinapata maji kutoka tangi la juu ya paa, na kutoka usawa wa maji yale mpaka chooni ni mita tatu hivi. Presha hupimwa kwa baa, na mita kumi za maji zinatoa karibu baa moja. Mita tatu zinatoa baa 0.3. Hiyo si presha kubwa, huko ni kumimina birika.

Basi nikafunga koki ya ukutani, nikafunua mwenyewe. Karatasi iliyokuwamo ndani ya boksi, ambayo fundi aliitupa kwenye pipa langu la taka, imeandika kwamba vali hii, yaani kile kifaa cha boya kinachoingiza maji tangini na kuyafunga likijaa, inataka presha isiyopungua baa 0.5. Yaani ugonjwa ni kinyume cha alichokisema. Vali ya namna hii inajifunga kwa maji yenyewe kuusukuma mpira wake. Yasipokuwa na nguvu ya kutosha, mpira haukai sawasawa na maji yanaendelea kupenya. Nilipoufungua mpira nikakuta pia chembe ya mchanga na ukoko mweupe wa chokaa. Maji yetu yanatoka chini ya mawe ya chokaa, kila mwenye birika Unguja anaujua ukoko huo. Muuzaji wa vifaa vya bomba mjini ndiye wa kwanza aliyepaswa kuniuliza, "Mama, maji yako ya mfereji moja kwa moja au ya tangi la juu?" Hakuna aliyeniuliza.

Hata hivyo vali kuvuja si sababu ya maji kumwagika sakafuni. Ndani ya kila tangi la choo limo bomba la kusimama, kazi yake ni kuyapokea maji yakizidi na kuyateremsha bakulini. Likikaa sawa, utasikia choo kinanong'ona usiku kucha na bili itapanda, lakini jirani hatajua kitu. Bomba hilo linatakiwa liishie chini ya tundu la mpini wa kuflashi. La kwangu limelipita tundu kwa vidole viwili. Fundi alilitoa kwenye boksi, akalifunga lilivyo bila ya kulikata. Kwa hiyo maji yakipanda yanakutana na tundu kwanza, yanateremka na ukuta, yanaingia palipopita bomba, na Bi mkubwa anaamka.

Niliweka jagi chini ya mpini nikapima: lita moja kwa dakika nne. Mchana haionekani kwa sababu kila mtu anavuta maji. Lakini kutoka saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni lita 105, ndoo tano kubwa na ziada, nami maji nayapata kwa zamu.

Nilipopiga simu dukani niliambiwa dhamana haihusu vitu vya mpira. Mimi sidai mpira. Nadai kazi iliyofungwa vibaya na kifaa kisichofaa kwa nyumba yangu.

Nataka mniletee vali ya presha ndogo bila ya malipo, bomba la ndani likatwe, na shilingi 30,000 za safari tatu zirudishwe. Dari la Bi mkubwa lipakwe rangi, na anayekuja kulipaka amuombe radhi kabla ya kufungua kopo. Fundi yule yule simkatai; ni kijana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni mara zote tatu. Ila aje na msumeno wa chuma, na afunue mfuniko kabla ya kusema lolote.

Nasubiri mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Ikipita, barua hii pamoja na karatasi ya boksi nitaipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na nitaipeleka mwenyewe kwa miguu.

Kwa sasa koki nimeifunga. Choo cha laki mbili na ushei nakimwagia maji kwa ndoo, kama cha bibi yangu Makunduchi, tafauti ni kwamba cha bibi hakikuwa na risiti. Nipo nyumbani kila siku baada ya Alasiri. Fundi akija akakuta tangi kavu, asije akasema limepona.

Wassalaam,
Mteja wenu, ghorofa ya nne
Michenzani, Unguja