Shoga, simu ile ililia saa tatu

Shoga yangu,

Salaam. Nimesikia unayosema mtaani Langoni kuhusu mimi. Hayo nayaacha. Mbegu za mkoko zimekomaa, bamvua, yale maji makubwa, linakuja na kikundi chetu cha kupanda mikoko hakina mikono ya kutosha, ndiyo maana naandika.

Wewe ndiye uliyenifunza kazi hii: kuchuma mbegu pete yake ikishageuka manjano, kuichomeka theluthi ndani ya tope, kisha hatua moja, nyingine. Wageni waliokuja kupiga picha walizipanda kichwa chini, nawe ukawapitia nyuma ukizigeuza, uso mkavu. Wazee wetu walikata boriti za kupakia majahazi ya Arabuni mpaka serikali ikapiga marufuku 1982. Sisi ndio turudishao. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku Lamu, na ajuaye matope yake kukushinda wewe simjui. Miche ya mchu, mkoko wa aina nyingine, kwenye viriba ulikuwa ukiisemesha!

Lakini siku ile, ng'ambo ya mkondo wa Mkanda. Maji yamekupwa, mashua imelala ubavu topeni. Saa tatu simu ikalia kwenye pindo la leso yako. Ukasikiza, ukasema "haya, haya," ukaifutika tena. Kisha ukanipa mbegu nyingine. Nilipanda safu nzima nikiimba, shoga, nawe ukiitikia. Nikala na hamri lako. Habari ya mama ukanipa saa saba, maji yalipoinua mashua.

Unasema mashua isingeelea, ningelia topeni kwa faida gani? Nusu ya kikundi imenirudia hoja hiyo. Na simu je? Ningepiga nyumbani wanisubiri mpaka alasiri. Wao walidhani nimeambiwa na nimeridhia, wakazika baada ya adhuhuri. Mama ana binti mzima, na ameoshwa na majirani.

Nakushauri kwa mapenzi: habari ya msiba ni ya mwenyewe, usimchagulie saa. Na kikundini sikukufukuza mimi. Kwenye kikao nilisema tu pesa za miche zishikwe na mtu mwingine. Mweka hazina hubadilishwa kila mahali, halihusiani na hili. Waliokununia walinuna kwa hiari yao. Kwenye hitima ulipika pilau, nikapokea sahani mkononi mwako nikala, watu wanatazama. Ningekuwa na kinyongo ningekula?

Bamvua hili tunarudi upande uleule, kaa wamemaliza miche ya mwaka jana. Mashua inaondoka saa kumi na mbili, kabla maji hayajatuacha. Nafasi yako ya mbele, karibu na nahodha, haijakaliwa na mtu.

Kama huji, mpe mwanao ile sufuria kubwa ya kikundi ailete. Na kifuniko chake.